Nyuzi za kaboni: Jinsi vipuri vya mitambo inayozunguka kwa kasi vinavyoundwa na kuimarishwa

WAHENGA walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Msemo huo unaeleza kikamilifu changamoto inayowakabili wahandisi wanaounda vipuri vya mitambo inayozunguka kwa kasi ya ajabu, hasa mapanga ya feni yaliyo mbele ya injini za ndege za jeti. Kipuri cha aina hiyo hakina nafasi ya kukosea. Kikivunjika, vipande vyake hutoka kwa kasi ya risasi, na maisha ya mamia ya abiria huwa hatarini.

Kwa miaka mingi mapanga hayo yaliundwa kwa metali pekee, hasa titani. Leo hii injini nyingi mpya hutumia mapanga yaliyoundwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya utomvu mgumu. Ndege za Boeing 787, ambazo shirika la Kenya Airways lilianza kuzipokea mwezi Aprili 2014, ni miongoni mwa zile zinazosukumwa na injini za namna hiyo. Makala haya yanaeleza vipuri hivyo ni nini, vilivyoanza, namna vinavyoundwa, na kwa nini nguvu yake hutegemea mikono na macho ya waundaji kuliko nyuzi zenyewe.

Maana ya kompositi

Kompositi ni kitu kilichoundwa kwa kuunganisha vitu viwili au zaidi vyenye sifa tofauti, kila kimoja kikifidia udhaifu wa mwenzake. Dhana hii si ngeni kwetu. Nyumba ya udongo ni kompositi: fito na miti hubeba mvutano na kuzuia ukuta kupasuka, nao udongo huzishikilia fito zisihame na kuzikinga dhidi ya mvua na jua. Fito peke yake si ukuta, na udongo peke yake huporomoka.

Katika kompositi ya kisasa, nafasi ya fito huchukuliwa na nyuzi za kaboni au za kioo, nayo nafasi ya udongo huchukuliwa na utomvu wa kemikali uitwao epoksi. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikroni 5 hadi 7, yaani chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele wa binadamu. Maelfu ya nyuzi hizo hukusanywa pamoja kuwa kitita kimoja. Katika vipuri bora, nyuzi huchukua takriban asilimia 60 ya ujazo wote, na utomvu hujaza sehemu iliyosalia.

Faida kuu ya mseto huu ni wepesi wake. Kipande cha feleji chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa takriban kilo 7.8, cha titani kilo 4.5, ilhali cha kompositi ya kaboni ni kilo 1.6 tu. Pamoja na wepesi huo, kompositi ikivutwa kuelekea upande uliolaliwa na nyuzi huweza kuhimili mvutano sawa na ule wa aina nyingi za feleji, au hata kuushinda.

Ila kuna sharti. Uimara huo upo upande mmoja tu. Kipande kile kile kikivutwa kwa kukingama nyuzi, mzigo wote huangukia utomvu, na uimara hushuka hadi sehemu ndogo sana ya ule wa kwanza. Kuni hupasuka kwa urahisi shoka likifuata nyuzi zake, lakini ni kazi ngumu kuzikata kwa kukingama. Kompositi ina tabia hiyo hiyo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Sharti hili ndilo chanzo cha ugumu wote unaosimuliwa hapa chini.

Kani ya mzunguko

Mtu akifunga jiwe kwenye kamba na kulizungusha juu ya kichwa, huhisi kamba ikimvuta mkono. Akizungusha kwa kasi maradufu, mvuto huo hauongezeki mara mbili bali mara nne. Hii ndiyo kanuni inayotawala kila kitu kizungukacho.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kitu chenye uzito wa kilo 20, kilichoko mita moja kutoka kwenye kitovu, kikizungushwa mara 2,300 kwa dakika, huvuta kuelekea nje kwa kani inayolingana na uzani wa zaidi ya tani 100. Hiyo ni sawa na kuning'iniza ndovu dume wapatao 20 kwenye shina la panga moja. Vipimo hivyo havikutungwa kiholela, kwani vinakaribiana na vile vya panga la injini kubwa ya GE90 inayotumiwa na ndege za Boeing 777. Feni ya toleo kubwa la injini hiyo ina kipenyo cha takriban mita 3.25. Kwa mwendo huo, ncha za mapanga yake hupita umbali wa takriban mita 390 kila sekunde, kasi inayozidi ile ya sauti.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Daraja likiwa dhaifu, mhandisi anaweza kulinenepesha. Kipuri kinachozunguka hakiokolewi kwa njia hiyo, kwa kuwa mzigo kinaoubeba ni uzito wake chenyewe. Ukiongeza unene wa chuma, umeongeza nguvu na umeongeza mzigo kwa kiwango kile kile, na mwishowe hukupata lolote. Njia ya pekee ya kuongeza kasi ni kupata kitu chenye uimara mkubwa kwa kila kilo ya uzito wake. Hiyo ndiyo sababu nyuzi za kaboni ziliwavutia wahandisi tangu siku zake za kwanza.

Chimbuko la nyuzi za kaboni

Thomas Edison wa Marekani alitumia nyuzi za mianzi zilizochomwa zikawa kaboni katika taa zake za umeme kuanzia mwaka 1880. Hata hivyo, nyuzi hizo zilikuwa za kutoa mwanga tu wala hazikuwa na nguvu. Mnamo 1958, mwanafizikia Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide, pia nchini Marekani, alitengeneza katika maabara nyuzi ndogo za kaboni zenye uimara wa kustaajabisha, lakini kwa gharama kubwa mno.

Hatua iliyofungua njia ilipigwa nchini Japani, ambako Akio Shindo aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba kaboni bora hupatikana kutokana na uzi wa jamii ya akriliki, ile inayotumiwa kufuma masweta. Muda mfupi baadaye, William Watt na wenzake katika kituo cha utafiti wa ndege cha serikali ya Uingereza huko Farnborough walibaini kwamba uzi huo ukizuiwa usisinyae wakati unapookwa, chembechembe zake hujipanga kufuata urefu wa uzi, nao hupata nguvu nyingi na ukakamavu.

Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa viwandani hadi leo. Uzi wa akriliki hupitishwa kwanza katika tanuri lenye hewa ya joto la nyuzijoto 200 hadi 300 za Selsiasi huku ukiwa umevutwa, ili usiyeyuke hatua itakayofuata. Kisha huingizwa katika tanuri lisilo na oksijeni lenye joto la zaidi ya nyuzijoto 1,000, ambamo karibu kila kitu isipokuwa kaboni hutoka kwa umbo la gesi. Mwishowe ngozi ya uzi hukwaruzwa kwa kemikali na kupakwa kitu chembamba cha kuusaidia kushikana na utomvu. Bila hatua hiyo ya mwisho, uzi huteleza ndani ya utomvu kama fito iliyochomekwa katika udongo mkavu.

Kisa cha Rolls-Royce

Kampuni ya kwanza kujaribu kutumia nyuzi za kaboni katika feni ya injini kubwa ya abiria ilikuwa Rolls-Royce ya Uingereza. Mnamo Machi 1968 kampuni hiyo ilipata kandarasi ya kuunda injini mpya, RB211, kwa ajili ya ndege ya Lockheed TriStar ya Marekani. Ili kupunguza uzito, iliamua kwamba mapanga ya feni yaundwe kwa kompositi yake iliyoitwa Hyfil.

Kwenye mizani na kwenye majaribio ya mvutano, Hyfil ilifaulu. Tatizo lilijitokeza mwaka 1970, wakati mapanga hayo yalipojaribiwa dhidi ya ndege wa angani. Injini ya abiria lazima ithibitishe kwamba inaweza kummeza ndege bila kusababisha maafa, kwa hivyo mzoga wa ndege hufyatuliwa ndani ya feni inayozunguka. Mapanga ya Hyfil hayakuhimili pigo hilo. Rolls-Royce ikalazimika kurejelea titani, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa imeendelezwa sambamba kama mpango wa akiba.

Kushindwa kwa Hyfil hakukuwa sababu ya pekee ya masaibu yaliyofuata, kwani gharama za mradi mzima zilikuwa zimepita makadirio. Hata hivyo kuliongeza gharama na kuchelewesha kazi. Tarehe 4 Februari 1971, Rolls-Royce, fahari ya viwanda vya Uingereza, iliwekwa chini ya mrasimu. Serikali ya nchi hiyo iliitaifisha ili isizame kabisa. Upande wa pili wa Atlantiki, Lockheed nayo ilinusurika baada ya Bunge la Congress kuidhinisha dhamana ya mkopo wa dola milioni 250 mnamo Agosti mwaka huo. Katika Seneti hoja hiyo ilipita kwa kura moja tu. RB211 yenye mapanga ya titani ilianza kubeba abiria mwaka 1972, na baadaye ikawa mojawapo ya injini zilizosifika mno.

Somo lilikuwa wazi. Uzi wa kaboni huvumilia kuvutwa lakini hauvumilii kugongwa. Metali ikipigwa hubonyea na kumeza nguvu ya pigo. Kompositi ya miaka ile ilivunjika au ikaachana tabaka kwa tabaka. Nguvu iliyopimwa kwa mvutano pekee haikutosha.

Mafanikio ya GE90

Kampuni ya General Electric ya Marekani ilipitia njia ya polepole zaidi. Katika miaka ya 1980 iliunda injini ya majaribio iliyoitwa GE36, yenye mapanga ya kompositi yaliyo wazi nje ya ganda la injini, nayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Mradi huo haukufika sokoni, ila maarifa yake hayakupotea. Yalitumika kuunda GE90, iliyoanza kubeba abiria mwezi Novemba 1995 katika ndege za Boeing 777 za shirika la British Airways. Hiyo ndiyo iliyokuwa injini ya kwanza ya abiria kuingia kazini ikiwa na mapanga ya feni ya kompositi yaliyofaulu majaribio yote.

Ni nini kilichobadilika kati ya 1970 na 1995? Mosi, nyuzi zenyewe zilikuwa imara zaidi. Pili, utomvu uliboreshwa ukawa mkakamavu, usiopasuka ovyo ukigongwa. Tatu, ukingo wa mbele wa panga, ambao ndio hupokea pigo la ndege, mvua ya mawe au changarawe, ulivikwa bamba la titani. Nne, umbo la panga lilipanuliwa na kunenepeshwa mahali panapostahili. Panga la GE90 lina unene wa takriban sentimita 10 shinani, na hupungua hadi chini ya sentimita moja nchani.

Mpango huo ulizaa vizazi vingine. Injini ya GEnx, inayotumiwa na baadhi ya ndege za Boeing 787, zikiwemo zile za Kenya Airways, ina mapanga 18 ya kompositi, na hata ganda linaloizunguka feni yake limeundwa kwa kompositi. Injini ya GE9X, iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani mwezi Septemba 2020, ina mapanga 16 tu katika feni yenye kipenyo cha takriban mita 3.4. Mapanga yakipungua, uzito hupungua, na vilevile mafuta yanayochomwa.

Hatua za uundaji

Uundaji wa panga moja huanzia kwenye jokofu. Nyuzi ambazo tayari zimerowa utomvu huletwa kiwandani zikiwa mikanda au shuka nyembamba, nazo huhifadhiwa kwa baridi ya takriban nyuzijoto 18 chini ya sufuri, kwani utomvu ukiachwa kwenye joto la kawaida huanza kukauka wenyewe. Kila saa shuka linapokuwa nje ya jokofu huandikwa, na likipitisha muda uliowekwa hutupwa hata kama linaonekana zuri.

Shuka hizo hukatwa kwa mashine vipande vya maumbo mbalimbali, kisha hupangwa kimoja juu ya kingine ndani ya kalibu. Panga kubwa huhitaji mamia ya vipande. Mwelekeo wa kila kimoja huamuliwa mapema kwa hesabu. Vile ambavyo nyuzi zake zinatoka shinani kuelekea nchani hubeba mvuto wa mzunguko. Vilivyolazwa mshazari hubeba msokoto, kwa sababu hewa hujaribu kulipinda panga. Vilivyokingama huzuia panga lisipasuke kama kuni. Ili fundi asikosee, mwanga wa leza huchora juu ya kalibu mpaka kamili wa mahali pa kuweka kipande kinachofuata.

Hatua hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mkunjo mdogo ukiachwa katikati ya tabaka, nyuzi za mahali hapo huwa zimepinda, na uzi uliopinda haubebi mzigo mpaka unyooke. Wakati huo utomvu unaouzunguka umekwisha kupasuka. Kipande cha karatasi ya kufungia kikisahaulika baina ya matabaka huzaa ufa usioonekana kwa macho. Hata alama ya kidole chenye mafuta huweza kuzuia matabaka mawili yasishikane.

Baada ya kupangwa, kazi huokwa kwa joto na mgandamizo, ama ndani ya kalibu la metali linalobana pande zote, ama katika tanuri la mgandamizo baada ya kufunikwa kwa mfuko ambao hewa yake imenyonywa. Epoksi nyingi za ndege huokwa kwa joto la karibu nyuzijoto 180. Lengo ni mawili: kuufanya utomvu ugande, na kuyafukuza mapovu ya hewa kabla haujaganda. Mapovu ni adui mkubwa. Kwa kadirio linalotumiwa sana na wahandisi, kila asilimia moja ya mapovu hupunguza kwa takriban asilimia 7 uwezo wa matabaka kushikana. Joto nalo hupandishwa polepole. Utomvu hutoa joto lake wenyewe unapoganda, hivyo shina nene likiharakishwa huweza kuungua ndani ilhali nje liko salama, na vilevile likipozwa kwa pupa hubaki na mikazo iliyofichika.

Panga likitoka kwenye kalibu huchongwa ukingo wake, na shina lake hukamilishwa kwa umbo la kabari linaloingia katika mfuo wa kitovu. Kabari hiyo inapovutwa nje na mzunguko hujibana zaidi. Bamba la titani hubandikwa mbele, uso hupakwa rangi ya kuzuia mikwaruzo ya mchanga na mvua, na kila panga hupimwa uzito pamoja na mahali ulipo uzito huo. Mapanga ya injini moja hupangwa ili yale yenye uzito unaokaribiana yakabiliane. Kosa la gramu chache kwenye kitu kizungukacho hugeuka mtikisiko unaokula fani za injini.

Kufuma badala ya kulaza

Kuachana kwa matabaka kulipobainika kuwa ndio udhaifu sugu, baadhi ya wahandisi waliuliza: kwa nini kuwe na matabaka? Kampuni ya Safran ya Ufaransa ikishirikiana na Albany International ya Marekani ilibuni njia ya kufuma panga zima kwa vyombo maalumu vya ufumaji. Mbali na mtande na mshindio ambao kila mfumaji anaufahamu, nyuzi nyingine hupita kutoka tabaka la juu hadi la chini na kuyashona pamoja. Kinachotoka ni kitambaa kinene chenye umbo la panga, nacho huwekwa katika kalibu lililofungwa, kisha utomvu husukumwa ndani yake hadi uenee kote na kuganda.

Njia hiyo hutumika katika injini ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016 katika ndege za Airbus A320neo, na baadaye Boeing 737 MAX. Feni yake ina mapanga 18, ilhali injini ya CFM56-7B iliyotumika katika kizazi cha Boeing 737 kilichotangulia ilikuwa na mapanga 24 ya titani. Ufa ukitokea katika panga lililofumwa, hukutana na uzi unaoukingama na kusita. Hasara yake ni kwamba uzi unaopanda na kushuka haulali wima kabisa, kwa hivyo hupoteza sehemu ya nguvu ya mvutano. Mhandisi hana budi kuchagua baina ya faida mbili.

Rolls-Royce nayo haikukata tamaa. Zaidi ya miaka 50 baada ya Hyfil, mwaka 2023, iliwasha kwa mara ya kwanza injini yake ya majaribio ya UltraFan mjini Derby, ikiwa na mapanga ya kaboni yenye ukingo wa titani.

Ukaguzi na majaribio

Metali ina tabia ya kuchoka. Mkazo mdogo ukirudiwa mamilioni ya mara huzaa ufa unaokua kimyakimya. Mnamo tarehe 17 Aprili 2018, panga la titani katika injini ya ndege ya Southwest Airlines nchini Marekani lilikatika shinani kwa sababu ya ufa wa namna hiyo. Vipande vya ganda la injini vilivunja dirisha, na abiria mmoja akafariki. Ndege hiyo ilitua kwa dharura mjini Philadelphia.

Kompositi ya kaboni huvumilia uchovu wa aina hiyo kuliko metali nyingi, ila ina hila yake. Inaweza kujeruhiwa ndani bila kuonyesha alama nje. Kwa sababu hiyo kila panga hupitishiwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo hupita pasipo tatizo mahali palipo imara na kurudi yakikutana na povu au mwanya. Picha za eksrei nazo hutumika kuonyesha mikunjo ya ndani.

Kisha huja majaribio ya uharibifu. Vipuri huzungushwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa na kujengwa kwa kuta nene, kwa kasi inayozidi ile ya kazi, kuthibitisha kwamba pana akiba ya usalama. Kwa injini nzima, kanuni za Marekani na za Ulaya hudai majaribio mawili mashuhuri. Katika la kwanza, ndege mkubwa hufyatuliwa ndani ya feni. Kwa injini zenye mdomo mpana zaidi, ndege huyo huwa na uzito wa kilo 3.65. Katika la pili, panga moja hukatwa kwa baruti huku injini ikizunguka kwa kasi ya juu, na ganda lazima lizuie vipande vyote visipenye nje.

Jaribio la ndege si mzaha. Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa Rüppell, ambaye huishi pia katika mbuga za Afrika Mashariki, aligongana na ndege ya abiria katika anga ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye kimo cha takriban mita 11,300. Injini moja iliharibika, lakini ndege ilitua salama.

Mitambo mingine

Maarifa haya hayaishii angani. Magurudumu ya kuhifadhi nishati, ambayo huzungushwa kwa umeme wakati upo kwa wingi na kuurudisha unapopungua, hutegemea kanuni hiyo hiyo. Nishati inayohifadhiwa huongezeka mara nne kasi ikiongezwa maradufu, kwa hiyo gurudumu jepesi na imara linalozunguka kasi hushinda lile zito la feleji. Kituo cha Stephentown katika jimbo la New York, kilichokamilika mwaka 2011, kilijengwa na magurudumu 200 yenye pete za nyuzi za kaboni, yakiwa na uwezo wa jumla wa megawati 20.

Humu nchini, kompositi zinazozunguka zinaonekana wazi zaidi katika kaunti ya Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kila mtambo una rafadha yenye kipenyo cha mita 52. Mapanga yake huzunguka polepole machoni, takriban mara 26 kwa dakika yanapokuwa kazini kikamilifu. Hata hivyo, kwa sababu ya urefu wake, ncha hupita kwa kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa. Adui wa mapanga hayo si mvuto wa mzunguko hasa, bali ni upepo unaoyapinda bila kukoma, mchanga unaokwangua kingo, na radi.

Mipaka iliyosalia

Licha ya sifa zake, kompositi si jibu la kila swali. Kwanza, bei yake ni ya juu na kazi yake ni ya polepole. Pili, utomvu wa epoksi ukishaganda hauyeyuki tena, hivyo panga kuukuu haliwezi kuyeyushwa na kumiminwa upya kama alumini. Tatu, epoksi haivumilii joto kali. Ndiyo maana mapanga ya kompositi hukaa mbele, penye hewa baridi, ilhali yale ya nyuma ya chumba cha kuchomea mafuta hubaki kuwa ya metali maalumu au ya kauri.

Aidha, ukarabati wake una mipaka. Mkwaruzo juu ya rangi huweza kurekebishwa, lakini nyuzi zinazobeba mvuto zikikatika karibu na shina, panga huondolewa kazini.

Ikiwa kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kukumbuka, ni kwamba uzi wenye nguvu hauzai kipuri chenye nguvu peke yake. Uzi wa Hyfil haukuwa dhaifu. Kilichokosekana ni utomvu, umbo na ukingo wa kuusaidia. Na panga la leo lililobuniwa kwa hesabu kamili linaweza kuangushwa na mkunjo mmoja, povu moja au shuka lililokaa nje ya jokofu kupita saa zake. Kipuri kinachozunguka hupima kazi ya aliyekiunda kila dakika, zaidi ya mara 2,000, na kikipata mahali pembamba, hapo ndipo kitakapokatikia.